Milango ya Haki: Wizara ya Katiba na Sheria na Mgawanyo wa Kazi Zake

Hotuba kwa viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za Haki na Amani za Bondeni, Kyela



Tumeombwa kuzungumza juu ya jinsi Wizara ya Katiba na Sheria ilivyopangwa, na jinsi kazi za kutafuta haki zilivyogawanywa katika nchi yetu. Mtu aweza kudhani ya kwamba jambo hili ni la wanasheria walioko Dodoma, wala halimhusu mkulima wa Ipinda au mvuvi wa Matema. Kabla hatujataja ofisi yoyote, yatupasa kuungama kosa letu wenyewe, maana kosa hilo ndilo lililotufundisha ya kwamba jambo hili latuhusu sana.

Alfajiri moja, miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja mjane alitungoja mlangoni pa nyumba ya mapadre. Mwanawe alikuwa amekamatwa kwa tuhuma ya kuiba kakao iliyoanikwa kwa jirani, na ilikuwa siku ya nane yuko mahabusu. Mama huyo alikuwa amekwisha kuuza magunia mawili ya mpunga. Fedha ya gunia la kwanza alimpa mtu aliyejigamba kuwa anayo njia ya kumtoa kijana. Mtu huyo hakuonekana tena. Fedha ya gunia la pili ilikwisha kwa nauli ya kwenda ofisi hii na ile. Kila alikofika aliambiwa: Mama, jambo hilo si letu.

Tulimhurumia, na katika haraka ya huruma tukakosea. Tulichukua karatasi yenye muhuri wa parokia, tukamwandikia hakimu kwamba kijana ni mwanakwaya, ametoka katika familia njema, na kwamba tunamsihi amwachie. Hakimu alitupokea kwa heshima, akaturudishia barua yetu mkononi. Alitueleza mambo mawili. Kwanza, jalada la kijana lilikuwa bado polisi, na yeye hakuwa na kesi yoyote mbele yake. Pili, hata kama lingekuwa limefika, hakimu hapokei maneno ya pembeni juu ya kesi, yawe ya padre, ya tajiri au ya mkubwa wa serikali. Akipokea leo barua ya padre, kesho atakosa sababu ya kuikataa bahasha ya tajiri.

Tulitoka pale tumeinamisha vichwa. Nia yetu ilikuwa njema, lakini tuligonga mlango usiohusika, tena tuligonga kwa namna isiyofaa. Kosa alilotuhumiwa kijana lilikuwa na dhamana. Siku ile ya kwanza majirani wawili wenye kuaminika wangekwenda kituoni kumwombea dhamana, huenda angelala nyumbani kwao.

Basi neno letu la leo ni moja. Kazi ya haki imegawanywa mikononi mwa wengi kwa makusudi mema, ili asiwepo mtu mmoja mwenye uwezo wa kukukamata, kukushtaki na kukuhukumu. Lakini mgawanyo huo humsaidia yule anayeujua; asiyeujua humzungusha mpaka amalize mpunga wake.

1. KWA NINI KAZI YA HAKI IGAWANYWE

Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 18, twasoma jinsi Musa alivyokuwa akiketi tangu asubuhi hadi jioni, akiamua peke yake mashauri ya watu wote. Yethro, mkwewe, alipoona hayo alimwonya ya kwamba atajichosha yeye na kuwachosha watu. Akamshauri achague watu wamchao Mungu na wanaochukia rushwa, awagawie kazi, na kwake yaje yale mashauri makubwa tu. Mgawanyo wa kazi ya haki, basi, si jambo geni kwa watu wa imani.

Wala si jambo geni kwa wazee wetu wa Unyakyusa. Malafyale hakutawala peke yake. Walikuwapo amafumu, yaani wakuu wa vijiji, ambao hawakutoka katika ukoo wa kitawala, na mashauri mengi ya majirani yalisikilizwa kwao. Wazee waliamini ya kwamba malafyale akiwadhulumu watu, manung'uniko yao yaweza kumletea ubaridi mwilini na ugonjwa. Hatuwahimizi kuirudia imani hiyo. Twawaonyesha tu kwamba babu zetu walijua hatari ya mamlaka yasiyo na mtu wa kuyazuia.

Kizuizi hicho kilidhoofika wakati wa ukoloni. Kwa sheria za Waingereza za miaka ya 1920, machifu walifanywa watumishi wa serikali, na tangu mwaka 1929 mahakama za wenyeji ziliwekwa chini ya maofisa watawala. Bwana Shauri aliyesimamia kodi ndiye pia aliyezisimamia mahakama hizo, na rufani zilikwenda kwa wakubwa wake wa utawala, si kwa majaji. Mtu aliyeonewa na serikali alikwenda kulalamika kwa serikali ile ile. Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1963 iliziweka mahakama zote, tangu Mahakama ya Mwanzo, katika ngazi moja na Mahakama Kuu. Hilo lilikuwa badiliko kubwa kwa mtu mdogo wa kijijini, ingawa wachache wetu hulikumbuka.

Kanisa nalo limefundisha hivyo. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Centesimus Annus wa mwaka 1991, alieleza ya kwamba ni vema kila mamlaka isawazishwe na mamlaka nyingine, ili itawale sheria na si matakwa ya watu fulani.

2. WIZARA YENYEWE

Jina la wizara hii limebadilika mara kadhaa tangu Uhuru. Miongoni mwa mawaziri wake wa mwanzo walikuwa Chifu Abdallah Fundikira na Sheikh Kaluta Amri Abedi, yule mshairi mashuhuri. Leo yaitwa Wizara ya Katiba na Sheria, na makao yake ni Dodoma.

Wizara inaongozwa na Waziri, akisaidiwa na Naibu Waziri. Hao ni wanasiasa, nao hujibu maswali bungeni. Chini yao yuko Katibu Mkuu, ambaye ni mtumishi wa umma na mtendaji mkuu wa shughuli za kila siku. Wizara hutunga sera juu ya mambo ya katiba na sheria, hufuatilia utoaji wa haki na haki za binadamu, husimamia msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo, na huwa kiungo kati ya Serikali na vyombo vingi vya haki. Waziri ndiye pia anayepeleka bungeni maombi ya fedha za vyombo hivyo, pamoja na Mahakama.

Tuangalie sana jambo hili: kupeleka maombi ya fedha si kutoa amri. Waziri wa Katiba na Sheria hawezi kumwamuru hakimu wa Kyela amfunge huyu au amwachie yule. Kwa hiyo mtu akikuambia, nipe fedha, nina ndugu wizarani atakayeifuta kesi yako, ujue umekutana na mwongo au na mhalifu, na mara nyingi ni yote mawili.

Tukumbuke pia ya kwamba Zanzibar ina Mahakama Kuu yake, Mwanasheria Mkuu wake na Mkurugenzi wa Mashtaka wake. Mahakama ya Rufani ndiyo iliyo ya Jamhuri ya Muungano nzima.

3. OFISI TATU ZA MAWAKILI WA SERIKALI

Wale wanaovuka ziwa kwa mtumbwi wanajua ya kwamba mmoja hupiga kasia, mwingine huelekeza, na mwingine huchota maji yaliyoingia. Mtumbwi ni mmoja, lakini kila mmoja akiiacha kazi yake na kufanya ya mwenzake, wote huzama. Ndivyo zilivyo ofisi tatu za mawakili wa Serikali. Zamani kazi zao kwa sehemu kubwa zilikuwa chini ya paa moja. Mwaka 2018 ziligawanywa wazi.

Ya kwanza ni Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Huyu anatajwa katika ibara ya 59 ya Katiba. Yeye ni mshauri mkuu wa Serikali katika mambo ya sheria, ofisi yake huandika miswada inayopelekwa bungeni na huishauri Serikali juu ya mikataba, naye ni mbunge kwa wadhifa wake.

Ya pili ni Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, inayoongozwa na Mkurugenzi wa Mashtaka. Huyu yumo katika ibara ya 59B. Yeye ndiye mwenye mamlaka ya kufungua, kuendesha na kusimamia mashtaka ya jinai, na Katiba inamtaka afanye kazi hiyo kwa uhuru, akizingatia haki, manufaa ya umma, na kuzuia taratibu za sheria zisitumiwe vibaya.

Ya tatu ni Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali. Hii huisimamia Serikali katika mashauri ya madai, yaani pale Serikali inaposhtaki au inaposhtakiwa.

Mgawanyo huu wafika hadi vijijini mwetu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni hii. Tuseme Halmashauri imechukua shamba la mtu bila fidia, naye anataka kuishtaki. Kwa kawaida sheria inadai atoe kwanza taarifa ya siku 90 kwa mhusika, na nakala ifike kwa mawakili wa Serikali. Wengi wamekwenda mahakamani wakiwa na haki kamili, wakarudishwa kwa sababu ya kukosa taarifa hiyo.

Njia ya pili ni nzito zaidi, nasi twaomba mtuvumilie tukisema waziwazi. Kesi ya jinai si mali ya mlalamikaji. Ni ya Jamhuri. Binti anapobakwa, wapo wazee, tena wengine ni viongozi katika jumuiya zetu, wanaokaa chini na kuyamaliza nyumbani kwa ng'ombe au fedha, kisha wanaitana kuzuia mashahidi. Hawana mamlaka hayo. Baba wa binti hana, mwenyekiti wa kitongoji hana, paroko hana. Uamuzi wa kushtaki au kuacha kushtaki ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka. Upatanisho katika ugomvi wa mipaka ya shamba ni jambo jema. Lakini kuuza maumivu ya mtoto si upatanisho.

4. MAHAKAMA SI IDARA YA WIZARA

Hapa ndipo wengi hukosea, na sisi tulikosea. Mahakama ni mhimili wa dola unaosimama peke yake, pamoja na Bunge na Serikali. Ibara ya 107A ya Katiba yasema ya kwamba mamlaka ya mwisho ya utoaji haki ni ya Mahakama, na ibara ya 107B yautaja uhuru wake. Katiba inaitaka Mahakama itende haki kwa wote bila kujali hali ya mtu, isicheleweshe haki bila sababu ya msingi, ihimize usuluhishi, na isifungwe kupita kiasi na mambo ya kiufundi.

Ipo Tume ya Utumishi wa Mahakama, ambayo mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu. Mwanasheria Mkuu ni mjumbe wa Tume hiyo, lakini Waziri si mjumbe. Majaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume hiyo. Wapo wanaosema ya kwamba Rais ameachiwa uteuzi mwingi mno, maana ndiye pia anayemteua Mwanasheria Mkuu na Mkurugenzi wa Mashtaka. Hilo ni suala la Katiba, nasi kama raia tunayo haki ya kulizungumza kwa utulivu na kwa hoja.

Ngazi za Mahakama ni hizi: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi, Mahakama Kuu, ambayo kwetu iko Mbeya, na juu yake Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa mwaka 1979. Asiyeridhika na hukumu ya Mahakama ya Mwanzo hukata rufani Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Siku hizo hazimngoji mtu amalize kuvuna. Tumewaona watu wakikaa miezi mitatu wakinung'unika sokoni, na walipokwenda kukata rufani wakakuta wakati umepita.

Tutofautishe pia hukumu mbaya na mwenendo mbaya. Hukumu hukatiwa rufani. Lakini hakimu akidai chochote, akitukana watu, au asipofika kazini, hilo ni jambo la maadili. Sheria ya Uendeshaji wa Mahakama ya mwaka 2011 imeweka kamati za maadili ya maofisa wa mahakama. Ile ya wilaya huongozwa na Mkuu wa Wilaya, nayo hupokea malalamiko juu ya mahakimu wa Mahakama za Mwanzo. Ile ya mkoa huongozwa na Mkuu wa Mkoa. Kamati hizo hazibadilishi hukumu. Anayezipelekea hukumu anapoteza wakati, na anayepeleka malalamiko ya rushwa kwenye rufani tu naye hajafika penyewe.

Tushukuru kwa jambo moja. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, na Kiswahili kikafanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi ya kutafsiri ni kubwa, lakini mlango huo umefunguliwa.

5. WALIO NJE YA WIZARA

Twafika sasa mahali ambapo mama yule alipotelea. Vyombo ambavyo mwananchi hukutana navyo kwanza haviko chini ya Wizara ya Katiba na Sheria kabisa.

Polisi na Magereza wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Nchi nyingine zimepanga namna nyingine. Kwa mfano, huko Uingereza na Wales tangu mwaka 2007 magereza yako chini ya Wizara ya Sheria, ilhali polisi wamebaki upande wa Mambo ya Ndani. Kwetu polisi hukamata na kupeleleza, mawakili wa Serikali hushtaki, hakimu huhukumu, na magereza huwatunza waliohukumiwa pamoja na mahabusu. Mtu akikamatwa, sheria inataka afikishwe mahakamani mapema, kwa kawaida ndani ya saa 24. Kwa makosa yenye dhamana anaweza kudhaminiwa kituoni, na dhamana hailipiwi chochote. Yako makosa yasiyo na dhamana, kama vile mauaji na unyang'anyi wa kutumia silaha. Na hapo mtu asidanganywe kuwa fedha itafungua mlango.

TAKUKURU, chombo cha kuzuia na kupambana na rushwa, kiko upande wa Ofisi ya Rais. Mabaraza ya Kata yako upande wa serikali za mitaa. Zamani mabaraza hayo yaliamua migogoro ya ardhi, lakini tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake katika ardhi ni kusuluhisha tu. Yakishindwa kusuluhisha ndani ya siku 30, mdai huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mabaraza haya ya wilaya yaliundwa kwa sheria ya mwaka 2002 chini ya wizara inayohusika na ardhi, na kwa miaka mingi umekuwapo mjadala wa kuyahamishia Mahakamani. Sisi tunaoishi mahali ambapo mito ya Kiwira, Mbaka na Songwe hufurika na kuhamisha mipaka ya mashamba, twajua uzito wa mjadala huo.

Vyombo vinapokuwa vingi hivi, na viko chini ya wakubwa mbalimbali, hutokea kila kimoja kukitupia kingine lawama. Mahabusu hukaa miezi wakisikia neno lile lile, kwamba upelelezi haujakamilika. Polisi husema jalada liko kwa wakili wa Serikali, wakili husema amelirudisha polisi, hakimu huahirisha. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda Tume ya kuchunguza mfumo wa haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Ilizinduliwa Januari na ikakabidhi taarifa yake Julai mwaka huo huo. Kwamba nchi ililazimika kuunda Tume hiyo ni ushahidi tosha ya kwamba manung'uniko ya watu hayakuwa ya bure.

6. MILANGO ILIYO KARIBU NA MWANANCHI

Ipo pia milango ambayo hatuigongi ipasavyo.

RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ilianza mwaka 2006. Inaandikisha vizazi, vifo, ndoa na talaka, inatunza wosia, na inasajili wadhamini wa taasisi. Mkoa wetu wa Mbeya ulikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza katika mpango, ulioanza mwaka 2013, wa kuwapatia watoto wa chini ya miaka mitano vyeti vya kuzaliwa bila malipo, katika ofisi za kata na vituo vya afya. Mjane asiye na cheti cha kifo cha mumewe huanza mirathi akiwa na mkono mmoja umefungwa. Cheti cha ubatizo ni hati ya Kanisa. Hakichukui nafasi ya cheti cha kuzaliwa.

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora iko katika ibara ya 129 ya Katiba. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2001, ikachukua nafasi ya Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya tangu miaka ya 1960. Hupokea malalamiko ya mtu aliyevunjiwa haki zake au aliyeonewa na kiongozi au ofisi ya umma. Mtu yeyote anaweza kuiandikia.

Tume ya Kurekebisha Sheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980, huzichunguza sheria zilizopitwa na wakati na kupendekeza marekebisho. Kamati zetu zikiona sheria inayowaumiza wajane au wavuvi, na zipeleke maoni yao huko, badala ya kuishia kulalamika baada ya Misa.

Mwisho, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, na Wizara ina msajili wa watoaji wa msaada huo. Mwaka 2023 Wizara ilianzisha pia kampeni ya msaada wa kisheria iliyopewa jina la Mama Samia. Msaada huu ni bure kwa asiye na uwezo. Ulizeni katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya Halmashauri ni akina nani waliosajiliwa hapa wilayani, mkawaandike majina yao kwenye mbao za matangazo za vigango.

7. KAZI YETU

Ndugu wapendwa, mtu aliyezungushwa mara nyingi hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama hukata tamaa na kuiacha haki yake, ama huichukua sheria mkononi. Mwizi wa ndizi anapopigwa mawe mpaka kufa, au bibi kizee anapochomewa nyumba kwa kusingiziwa uchawi, kundi lile linajifanya polisi, mwendesha mashtaka, hakimu na gereza, yote kwa nusu saa. Mamlaka yote hukusanyika tena mahali pamoja, na hakuna wa kukata rufani kwa niaba ya marehemu. Hatuwezi kuwaambia watu waache kufanya hivyo bila kuwaonyesha mlango ulio wazi.

Hivyo basi twapendekeza mambo matatu. La kwanza, kila kamati iwe na watu wawili, mwanamume na mwanamke, watakaojifunza milango hii vizuri na kumsindikiza mwenye shida hadi mlango unaomhusu, siku ile ile. La pili, tuandike. Tarehe ya kukamatwa, namba ya jalada, jina la ofisi tuliyofika na jibu tulilopewa viandikwe daftarini; mtu mwenye kumbukumbu hazungushwi kwa urahisi. La tatu, tusiombe upendeleo. Kamati yetu haitaandika tena barua ya kumwombea mtu kwa hakimu. Tutatafuta wadhamini, tutatafuta msaidizi wa kisheria, tutaketi mahakamani kusikiliza, tutamtembelea mahabusu. Lakini hatutanong'ona mlangoni kwa hakimu. Tukitaka haki isinunuliwe kwa fedha, nasi tusiinunue kwa muhuri wa parokia.

Mwatuuliza habari za kijana yule. Siku ya tisa majirani wawili walikwenda kituoni na mwenyekiti wa kitongoji chao, wakamdhamini, akatoka. Kesi ilipofika mahakamani ilisikilizwa, naye akaonekana hana hatia. Mama yake hakurudishiwa mpunga wake. Lakini siku hizi, mtu akikamatwa katika jumuiya yake, yeye ndiye wa kwanza kufika, na swali lake la kwanza ni hili: jalada liko wapi? Swali hilo moja limewasaidia wengi kuliko barua yetu.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Je, katika jumuiya yetu yuko mtu aliyezungushwa akitafuta haki? Alianzia mlango gani, na ulipaswa kuwa upi?

2. Ni mambo gani tunayoyamaliza nyumbani, ambayo kwa haki si yetu kuyamaliza?

3. Ni watoto wangapi wa jumuiya yetu wasio na cheti cha kuzaliwa, na wajane wangapi wasio na cheti cha kifo cha waume wao? Nani atafuatana nao, na lini?

4. Akikamatwa mtu usiku wa leo, ni akina nani wawili watakaokwenda kituoni kesho asubuhi?